Mchunga ng'ombe aliyeipa bastola nguvu ya bunduki

ASUBUHI ya Julai 4, 1925, Wamarekani walipokuwa wakiadhimisha siku ya uhuru wao kwa fataki na milio ya bunduki, mchunga ng'ombe mmoja kijana aliinua bastola yake na kuifyatua hewani ili naye ashiriki shangwe hizo.

Furaha yake haikudumu. Bastola ililipuka mkononi mwake. Sehemu ya juu ya silinda, yaani lile gurudumu la chuma linalobeba risasi, ilipasuka na kuruka pamoja na kiunzi kilichoifunika. Kwa bahati njema kijana huyo hakupoteza jicho wala kidole.

Jina lake lilikuwa Elmer Keith. Mtu mwingine angeapa kutogusa tena silaha ya aina hiyo, lakini yeye aliviokota vipande na kuanza kujiuliza ni kwa nini chuma kilichosifiwa kote nchini kilikuwa kimemsaliti.

Jibu la swali hilo lilimchukua miaka 30. Lilipokamilika, ulimwengu ulikuwa umepata bastola zinazojulikana hadi leo kwa jina la magnum, na mtu aliyewahi kunusurika mlipuko akawa ndiye anayetambuliwa kama baba wa silaha zenye kishindo kikubwa kuliko zote zilizowahi kushikwa kwa mkono hadi wakati huo.

Elmer Merrifield Keith alizaliwa Machi 8, 1899 katika kijiji cha Hardin, jimbo la Missouri. Angali mtoto, familia yake ilihamia magharibi katika majimbo ya Montana na Idaho, mahali ambapo maisha ya wachunga ng'ombe na wawindaji yalikuwa bado hayajawa hadithi za sinema. Wazee waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 walikuwa wangali hai, na kijana huyo alipenda kuketi miguuni pao na kusikiliza masimulizi yao ya bastola na shabaha.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka 12, msiba ulimfika. Nyumba ya kupanga walimoishi katika mji wa Missoula iliteketea usiku. Keith aliokolewa akiwa na majeraha mabaya usoni, shingoni na mikononi. Mkono wake wa kushoto ulipona ukiwa umejikunja na kukakamaa, na waliomwona hawakutarajia kwamba angeutumia tena.

Wazazi wake ndio waliounyoosha kwa nguvu, kidogo kidogo, huku mtoto akivumilia maumivu yasiyosemeka. Mkono huo ulirudi kufanya kazi. Baadaye Keith alipanda farasi wasiofugika, akafunga mizigo juu ya nyumbu na kulenga shabaha kwa mikono yote miwili, ingawa makovu ya moto yalibaki mwilini mwake hadi kufa.

Wanaofuatilia maisha yake huona kwamba hapo ndipo ilipoanza tabia yake ya kutokubali kwamba jambo haliwezekani kwa sababu tu wataalamu wamesema hivyo. Tabia hiyo ilimfaa sana baadaye alipokabiliana na wakuu wa viwanda.

Ili kuelewa kilichomsumbua Keith baada ya mlipuko wa 1925, ni lazima kwanza kufahamu jinsi silaha hiyo inavyofanya kazi. Bastola ya aina ya rivolva huwa na silinda inayozunguka, aghalabu yenye matundu sita, na kila tundu hubeba risasi moja. Baruti inapowaka, tundu ndilo linalobeba shinikizo lote la gesi kabla ya kichwa cha risasi kutoka kupitia mtutu. Nguvu ya bastola kwa hiyo haipimwi kwa ukubwa wa mdomo wa mtutu, bali kwa unene wa chuma kinachozunguka tundu hilo.

Bastola iliyolipuka ilikuwa Colt ya mtindo wa 1873, silaha iliyopendwa mno na wachunga ng'ombe na wanajeshi. Ilitumia risasi ya kipenyo cha .45, yaani sehemu 45 za mia za inchi. Kipenyo hicho kikubwa kilimaanisha kwamba matundu sita yalikula sehemu kubwa ya silinda, na kuta zilizobaki baina yao zilikuwa nyembamba. Keith alikuwa ameijaza baruti kwa wingi, na juu yake akatia vichwa vizito vilivyokusudiwa bunduki ndefu. Chuma kikashindwa.

Wengi wangedhani kwamba dawa ilikuwa kutafuta bastola kubwa zaidi. Keith alifikiri kinyume. Alichukua bastola ileile ya Colt iliyotengenezewa risasi ndogo kidogo, ile ya .44 Special iliyoingia sokoni mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti ya kipenyo baina ya risasi hizo mbili ni kama nusu milimita tu. Hata hivyo, nusu milimita hiyo iliyopunguzwa kwenye kila tundu iliongeza unene wa kuta, na silinda ikaweza kustahimili shinikizo kubwa kuliko awali.

Huo ndio uliokuwa uvumbuzi wake wa kwanza: kwamba risasi ndogo ndani ya chuma kinene inaweza kuishinda risasi kubwa ndani ya chuma chembamba.

Viwanda wakati huo viliuza .44 Special ikiwa dhaifu kwa makusudi, kwa kuhofia bastola kuukuu zilizokuwa mikononi mwa watu. Kichwa chake chenye uzito wa gramu 16 hivi kilisafiri kwa takriban mita 230 kwa sekunde. Keith, akitumia aina mpya za baruti na kujaza maganda yake mwenyewe, alikifikisha kichwa cha uzito kama huo kwenye kasi ya mita 365 hivi kwa sekunde. Nguvu iliyotoka mtutuni ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu.

Alibuni pia umbo jipya la kichwa cha risasi. Badala ya ncha ya mviringo iliyozoeleka, kichwa cha Keith kilikuwa na ncha bapa na bega kali pembeni. Ncha ya mviringo huteleza na kupenya bila kumtuliza mnyama, ilhali ncha bapa hukata tundu safi na kumwangusha upesi. Kiwanda cha Lyman kilianza kutengeneza kalibu za umbo hilo mwishoni mwa miaka ya 1920.

Keith hakushughulikia nguvu peke yake. Aliamini kwamba bastola yenye nguvu ambayo mwenyewe hawezi kuituliza ni mzigo tu. Kwa sababu hiyo alitumia muda mwingi kuchunguza kifyatulio, kile kichuma kinachovutwa kwa kidole cha shahada ili risasi itoke.

Katika bastola ya Colt ya kale, mpigaji hulazimika kwanza kuinua nyundo kwa kidole gumba. Nyundo ikishainuka, kazi ya kifyatulio ni kuiachilia tu, na hivyo mvuto wake huwa mfupi na mwepesi. Rivolva nyingine, hasa za kiwanda cha Smith & Wesson, zinaweza kufanya kazi zote mbili kwa mvuto mmoja: kifyatulio huzungusha silinda, huinua nyundo na kuiachilia. Mvuto wa aina hiyo ni mrefu na mzito, na mkono usiozoea huiyumbisha bastola kabla risasi haijatoka. Faida yake ni wepesi wakati wa hatari, kwa kuwa kidole gumba hakihitajiki.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mpenzi wa bastola aitwaye Harold Croft alisafiri kutoka Pennsylvania hadi Oregon, alikoishi Keith wakati huo, akiwa na mkoba uliojaa silaha alizozifanyia marekebisho. Wawili hao walikaa siku nyingi wakifyatua, wakibishana na kuchora. Kutokana na mazungumzo hayo ilizaliwa bastola ambayo Keith aliiita Namba 5.

Ilikuwa Colt kwa asili yake, lakini mpini ulibadilishwa ili ukae vyema kiganjani, kiunzi kikawekewa vilenga shabaha vinavyorekebishika, na nyundo ikaumbwa upya ili kidole gumba kiifikie bila kulegeza mkono. Mnamo 1929 jarida la American Rifleman lilichapisha makala yake kuhusu bastola hiyo, na jina la mchunga ng'ombe asiye na shahada yoyote ya uhandisi likaanza kutajwa ofisini mwa watengenezaji silaha.

Katika miaka hiyo Keith hakuwa tajiri. Alikuwa amemwoa Lorraine Randall mnamo 1926, na riziki yao ilitoka kwenye ufugaji, kuwaongoza wawindaji milimani na malipo madogo ya makala. Hatimaye walihamia sehemu za mto Salmon jimboni Idaho, mahali alipotambulishwa napo hadi mwisho wa uhai wake.

Neno magnum lenyewe si la Keith. Ni neno la Kilatini lenye maana ya kikubwa, lililotumiwa kwa chupa kubwa za mvinyo, kisha na watengenezaji wa bunduki wa Uingereza kwa risasi zenye baruti nyingi. Aliyelileta kwenye bastola ni Douglas B. Wesson wa Smith & Wesson, mnamo 1935.

Mwaka huo kampuni hiyo ilitoa bastola ya .357 Magnum. Wakati huo polisi wa Marekani walikuwa wakikabiliwa na majambazi waliotumia magari ya mwendo wa kasi na kujikinga kwa fulana za chuma, na risasi ya kawaida ya .38 haikuweza kupenya. Ganda la risasi mpya lilirefushwa kwa zaidi ya milimita tatu kuliko lile la .38. Nyongeza hiyo haikuwa kwa ajili ya baruti pekee. Ilikusudiwa kuizuia risasi mpya isiingie katika bastola za zamani ambazo zingelipuka, kama ilivyomtokea Keith.

Kichwa cha gramu 10 kilitangazwa kutoka kwa kasi ya mita 460 kwa sekunde katika mtutu mrefu. Bastola ya kwanza ya aina hiyo alikabidhiwa J. Edgar Hoover, mkurugenzi wa shirika la upelelezi la FBI, na jenerali George Patton alikuwa miongoni mwa walionunua ya kwao mapema.

Majaribio ya Keith na wenzake ya kuongeza nguvu za risasi ya .38 yalikuwa yamechangia kuitayarisha njia hiyo. Hata hivyo, yeye hakuridhika. Kwa maoni yake, kichwa chepesi chenye kasi kubwa kilimfaa askari dhidi ya mlango wa gari, lakini si mwindaji anayekutana ana kwa ana na dubu. Alishikilia kwamba kichwa kizito na kipana ndicho kinachomaliza kazi.

Msimamo huo ulimtia katika mabishano ya miaka mingi na mwandishi mwenzake, Jack O'Connor wa jarida la Outdoor Life, aliyependelea bunduki za vichwa vyepesi na kasi kubwa. Wawili hao hawakupatana kamwe, na wasomaji wa Marekani waligawanyika kambi mbili.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Keith aliajiriwa kuwa mkaguzi wa silaha katika ghala la jeshi la Ogden, jimbo la Utah. Bunduki zilizopita mikononi mwake zilipigwa mhuri wenye herufi za kwanza za jina lake, na leo wakusanyaji wa silaha za kale huzitafuta kwa bidii.

Vita vilipokwisha, alirejea kwenye ombi lake la zamani. Alivisihi viwanda viipe .44 nguvu ambayo yeye alikuwa akiitumia kwa zaidi ya miaka 20 bila madhara. Wakuu wa viwanda walisita. Hofu yao ilikuwa ileile: je, itakuwaje risasi hiyo ikiingizwa ndani ya bastola dhaifu ya babu?

Suluhisho lilipatikana kwa mbinu ileile ya .357. Carl Hellstrom, aliyekuwa rais wa Smith & Wesson, alikubali kutengeneza bastola iwapo kampuni ya Remington ingetengeneza risasi. Remington ililirefusha ganda kwa milimita tatu hivi, na mwishoni mwa 1955 bastola za kwanza za .44 Magnum zikawa tayari. Mapema 1956 zilianza kuwafikia wanunuzi.

Nguvu yake iliwashangaza hata waliozoea silaha. Kichwa cha gramu 15 na nusu kilitangazwa kutoka kwa kasi ya karibu mita 450 kwa sekunde. Kwa kipimo cha nguvu kiitwacho jouli, hiyo ni zaidi ya 1,500, ikilinganishwa na takriban 1,100 za .357 ya awali na 400 na ushei za .44 Special ya dukani.

Keith alikuwa ameomba nguvu ya kiasi, nao walimpa zaidi ya alichoomba. Alifurahi, lakini hakuacha kukosoa. Alilalamika kwamba vichwa vya risasi vya kiwandani vilikuwa laini mno na viliacha utando wa risasi ndani ya mtutu. Yeye aliendelea kuyeyusha na kumimina vichwa vyake mwenyewe jikoni kwake Salmon.

Smith & Wesson haikubaki peke yake kwa muda mrefu. William B. Ruger, mtengenezaji mwenye kiwanda kichanga, alitoa bastola yake ya .44 Magnum aina ya Blackhawk mwaka huohuo wa 1956. Ndipo ulipoanza mjadala ambao haujaisha hadi leo miongoni mwa watumiaji: ni ipi bora kati ya hizo mbili?

Bastola ya Smith & Wesson ilisifiwa kwa kifyatulio chake laini. Mpigaji akiinua nyundo kwanza, mvuto wa kifyatulio ulikuwa mwepesi na mkatiko wake safi, jambo lililosaidia kulenga mbali. Akivuta moja kwa moja, mvuto ulikuwa mzito lakini wenye mwendo sawa. Chuma chake kiling'arishwa kwa ufundi wa hali ya juu, na bei yake ilikuwa ya juu pia.

Ya Ruger ilifuata mtindo wa Colt wa kuinua nyundo kwa kila risasi. Ruger alikipanua kiunzi na silinda kuliko ile aliyotumia kwa .357, na badala ya springi bapa za Colt ambazo zilizoea kukatika, aliweka springi za mzunguko zisizochoka upesi. Kifyatulio chake hakikuwa na ulaini wa mshindani wake, lakini wengi waliamini kwamba ingedumu zaidi kwa mtu anayefyatua risasi nzito kila siku. Aidha, iliuzwa kwa bei nafuu.

Jambo jingine lililotofautisha silaha hizo ni msukumo wa kurudi nyuma. Mpini wa mtindo wa Colt huteleza kiganjani na kuuzungusha mtutu juu, hivyo kishindo husambaa. Mpini wa Smith & Wesson husukuma moja kwa moja kwenye sehemu ya kati ya kidole gumba na kiganja. Wapo walioifyatua .44 Magnum mara moja tu, wakairudisha kwenye sanduku na kuiuza na risasi zilizobaki.

Keith mwenyewe alikiri kwamba si kila mkono unaifaa. Ushauri wake ulikuwa kwamba mtu aanze na risasi nyepesi na kuzoea kifyatulio, ndipo apande ngazi kidogo kidogo. Aliyeruka hatua hiyo hujifunza kufumba macho kabla ya mlio, na risasi yake huenda pasipojulikana.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Keith alikuja Afrika Mashariki kuwinda nchini Tanganyika, safari aliyoisimulia baadaye katika kitabu. Huo ulikuwa wakati ambapo uwindaji wa wageni ulikuwa biashara kubwa katika eneo hili. Kenya iliupiga marufuku mnamo 1977, Keith akiwa angali hai.

La kuzingatia katika safari hiyo ni silaha alizozitegemea. Mtu aliyetumia maisha yake kuitetea bastola hakuwakabili wanyama wakubwa wa Afrika kwa bastola. Kazi hiyo aliiachia bunduki nzito za Kiingereza zenye mitutu miwili. Alijua vyema kwamba hata magnum kubwa ina mpaka wake, na kwamba thamani ya rivolva ni kuwa kiunoni wakati bunduki imeachwa hemani.

Kisa kilichomletea lawama nyingi zaidi kilitokea huko kwao Idaho. Alieleza kwamba alimfyatulia kwa bastola ya .44 Magnum kulungu aliyekuwa amejeruhiwa na mwindaji mwingine, kutoka umbali wa yadi 600, yaani mita 550 hivi. Alikosa mara kadhaa, akarekebisha shabaha kwa kutazama vumbi la risasi, kisha akampata.

Wasomaji wengi walimwita mwongo. Wengine, waliomfahamu na kumwona akilenga mawe ng'ambo ya bonde, waliamini. Keith alikasirishwa na shutuma hizo na hakubadilisha maelezo yake hata mara moja, akisisitiza kwamba nia yake ilikuwa kumzuia mnyama aliyeumia asipotee porini kufa kwa mateso.

Mnamo 1964 alipata ushindi mwingine, lakini huu ulikuwa na doa. Yeye pamoja na Bill Jordan na Skeeter Skelton, wote wawili wakiwa wamewahi kutumikia kikosi cha doria cha mpaka wa Marekani, walivishawishi viwanda kutoa .41 Magnum. Lengo lilikuwa kuwapa polisi risasi ya wastani, yenye nguvu kuliko .357 lakini isiyopiga kishindo cha .44.

Viwanda vilitoa risasi mbili: moja kali ya uwindaji na nyingine ya kiasi kwa polisi. Tatizo ni kwamba bastola yenyewe ilitengenezwa juu ya kiunzi kikubwa kama cha .44, ikawa nzito kubebwa kutwa nzima. Hata risasi ya kiasi ilikuwa kali kwa askari ambao hufanya mazoezi mara chache kwa mwaka. Idara chache za polisi ziliichukua, nyingi zikabaki na .38 na .357. Leo .41 hupendwa zaidi na wawindaji kuliko askari waliokusudiwa.

Kushindwa huko kulithibitisha jambo ambalo Keith alikuwa akiliandika tangu ujana wake. Nguvu inayozidi uwezo wa mkono unaoishika si msaada kwa mwenyewe, wala si salama kwa aliye karibu naye.

Kwa miaka 15 ya kwanza .44 Magnum ilibaki silaha ya wawindaji wachache, na mauzo yake hayakuwa makubwa. Hali ilibadilika ghafla mnamo 1971. Mwaka huo filamu ya Dirty Harry ilimwonyesha mwigizaji Clint Eastwood, katika nafasi ya mpelelezi wa San Francisco, akiwa na Smith & Wesson Model 29, jina ambalo bastola hiyo ilikuwa imepewa mnamo 1957.

Maduka yaliishiwa. Watu ambao hawajawahi kukanyaga msituni walilipa zaidi ya bei ya kawaida ili waimiliki. Chombo kilichobuniwa ili mtu aliye peke yake mlimani aweze kujikinga na dubu, au kummaliza kwa huruma mnyama aliyejeruhiwa, kikageuka kuwa alama ya ubabe mitaani. Umaarufu wa silaha ulimpita mbali mtu aliyeizaa, kwani wengi wa waliomjua mpelelezi wa filamu hawakuwahi kulisikia jina la mzee wa Salmon.

Hata hivyo, katika fani yake aliheshimiwa. Mnamo 1973 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ya mlengaji bastola bora wa Marekani. Aliandikia magazeti mengi, likiwemo Guns & Ammo, na kitabu chake Sixguns, kilichotoka mnamo 1955, kinaendelea kusomwa na mafundi wa silaha. Picha zake humwonyesha mzee mfupi mwenye kofia pana na sigara nene mdomoni.

Mnamo 1981 alipigwa na kiharusi kilichomnyamazisha. Hakuandika tena. Alifariki mjini Boise, Idaho, mnamo Februari 14, 1984, akiwa amebakisha majuma machache tu kutimiza umri wa miaka 85.

Mashindano ya nguvu hayakukoma naye. Ruger alikuwa ameshatoa Redhawk mnamo 1979, bastola nene ya .44 inayofyatuka kwa mvuto mmoja. Smith & Wesson nayo ililazimika kuimarisha viungo vya ndani vya Model 29 katika miaka ya 1980, baada ya baadhi ya wanunuzi kuichosha kwa risasi kali kuliko ilivyokusudiwa. Mnamo 2003 kampuni hiyo ilitoa .500 Magnum yenye nguvu ya takriban jouli 3,500, zaidi ya maradufu ya ile iliyomshangaza kila mtu mnamo 1956. Ile yenye mtutu mrefu ina uzito wa kilo mbili, na silinda yake ina matundu matano tu, kwa sababu la sita lingezifanya kuta kuwa nyembamba mno.

Hesabu hiyo ya matundu na kuta ndiyo ileile aliyoifanya Keith mnamo 1925, akiwa na vipande vya Colt mkononi.

Mnamo 2015 silaha zake, zikiwemo zile alizozirekebisha mwenyewe, zilipigwa mnada katika jimbo la Maine na wakusanyaji wakagombania kuzinunua. Bastola zake zilikwenda kwa matajiri, lakini kalibu za kumiminia kichwa chenye ncha bapa na bega kali zinatengenezwa hadi sasa, na wawindaji wengi wanaomimina risasi zao wenyewe majumbani huanza na umbo hilo.